Diskasheni Inaanza Saa Mbili Usiku

 

Kila mwaka, Septemba ikikaribia kwisha na Oktoba ikiingia, majina ya waliopata vyuo hutoka, na huku kwetu Temeke mtaa mzima hujua nani kachaguliwa. Binti wa fulani kapata Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uhandisi wa umeme. Binti wa fulani kapata sayansi ya kompyuta, Kijitonyama. Mama anapigiwa vigelegele, baba anapewa mkono msikitini na kanisani, mjomba anaahidi laptopu. Tunafurahi, na tuna haki ya kufurahi, maana binti aliyetoka shule ya kata na kufaulu fizikia kidato cha nne na kidato cha sita amefanya kazi kubwa. Mara nyingi amesoma fizikia bila maabara ya maana, na pengine bila mwalimu wa somo hilo kwa muhula mzima.

Miaka minne baadaye ukipita mtaa uleule na kuulizia habari zake, wakati mwingine unajibiwa kwa sauti ya chini. Alihama kozi. Alirudi nyumbani kidogo, anaangalia utaratibu. Au, kwa lugha ya wanafunzi wenyewe, alidisko, yaani aliondolewa chuoni kwa kufeli. Mazungumzo yanaishia hapo, kama vile kudisko ni ugonjwa wa kurithi usiotakiwa kuulizwa chanzo chake.

Jioni ya leo nataka tuulize chanzo. Nataka tumzungumzie binti ambaye tayari ameingia, anayesomea uhandisi au kompyuta hapa Dar es Salaam, na tuangalie kinachombakiza au kumwondoa. Naamini kwa dhati kwamba wengi wanaopotea njiani hawapotei kwa kukosa akili, bali kwa mipangilio, na mipangilio huwekwa na watu na inaweza kubadilishwa na watu.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye historia yetu wenyewe. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1973, kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi ya wakati huo. Mwaka uliofuata, Novemba 1974, likaja Azimio la Musoma. Pamoja na mambo mengine, azimio lile lilisema kijana akimaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Apite Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafanye kazi, na mahali pa kazi pampendekeze. Nia ilikuwa njema: msomi awe mtu wa kazi, asiwe mtu wa vitabu tu. Lakini kilichotokea kwa wasichana hakikuwa kwenye nia. Ile miaka ya katikati, baina ya shule na chuo, ndiyo miaka ambayo msichana huposwa, huolewa, huzaa, huambiwa amhudumie bibi anayeumwa. Idadi ya wanawake chuoni ikashuka, na haukupita muda mrefu serikali ikawaondolea wasichana lile sharti la kufanya kazi kwanza.

Fikiria hapo, msikilizaji. Wasichana wa 1974 hawakuwa na akili pungufu kuliko wasichana wa miaka miwili iliyofuata. Sharti liliwekwa, wakapungua. Sharti likaondolewa, wakaweza kuingia.

Miongoni mwa waliosoma Mlimani miaka hiyohiyo yumo Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba aliyesoma shule ya wasichana ya Jangwani hapa Dar es Salaam, akahitimu hisabati na fizikia chuo kikuu mwaka 1976. Baadaye alikwenda Berlin akapata shahada ya uzamivu katika mienendo ya vimiminika, na anatajwa kuwa Mtanzania wa kwanza mwanamke kufikia uzamivu wa hisabati. Aliporudi alifundisha, na akautumia muda wake mwingi kuhangaikia elimu ya hisabati na sayansi kwa wasichana. Namtaja kwa sababu fani aliyoichagua, jinsi maji na mafuta yanavyopita kwenye mabomba, ni kazi ya wahandisi hasa. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hesabu za mabomba si za wanawake.

Baadaye chuo kikuu kikaanzisha mafunzo ya maandalizi kwa wasichana walioikosa alama ya kuingilia sayansi na uhandisi kwa pengo dogo. Waliitwa kabla ya masomo kuanza, wakapigwa msasa wa hesabu na fizikia kwa wiki kadhaa, wakapewa mtihani, na waliofaulu wakadahiliwa. Wenzetu wa Makerere, Uganda, walichukua njia nyingine: tangu 1990 waliwaongezea wasichana wote pointi moja na nusu ya kuingilia. Serikali yetu nayo, kupitia mradi wa kuboresha sekondari, imejenga shule za wasichana za sayansi mikoa yote 26 ya Bara. Na tangu 2022 kuna ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita.

Yote hayo nayapongeza. Lakini angalia yote yanafanyika wapi. Yanafanyika mlangoni. Tumejitahidi sana mlangoni. Sasa twende ndani.

Chuo cha teknolojia ya habari na mawasiliano cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakipo Mlimani. Kipo Kijitonyama, Kinondoni, jirani na jengo la COSTECH. Vipindi vya mchana vikiisha, watu wanakula, wanapumzika, na mambo yenyewe yanaanza usiku. Kila aliyepita chuo anajua kwamba uhandisi na kompyuta havisomwi darasani peke yake. Mhadhiri anapitia mfano mmoja, anatoa maswali kumi, anaondoka. Maswali yale kumi yanafanyiwa kazi kwenye diskasheni. Watu watano au sita wanazunguka ubao katika chumba cha mihadhara kisicho na mtu, mmoja anaanza, mwingine anamkatiza, wa tatu analeta mtihani wa miaka mitatu iliyopita, na ikifika saa sita za usiku swali limeeleweka. Programu iliyokataa kufanya kazi tangu asubuhi inatengemaa kwa sababu mwenzako kaona nukta mkato iliyosahaulika. Hapo ndipo mtu anapogeuka kuwa mhandisi.

Sasa mchukue binti anayekaa kwao Mbagala. Diskasheni inaanza saa mbili usiku. Yeye saa moja na nusu tayari yuko kituo cha Makumbusho, mkoba kaupakata kifuani, laptopu ndani yake, anasubiri gari. Gari za Mbagala unazijua: watu wanapandia dirishani. Akilikosa hilo atalipata la saa mbili na robo, atafika Rangi Tatu saa nne, na kutoka hapo ana mwendo mwingine wa bodaboda au wa miguu hadi ndani Chamazi au Kongowe. Baba hajalala, anamsubiri. Asubuhi saa kumi na moja anatakiwa awe kituoni tena. Kaka yake akisomea kozi ileile ataambiwa alale kwa rafiki yake huko Sinza, na nyumbani hakuna atakayeshtuka. Binti akilala kwa rafiki kuna kikao.

Silaumu mzazi kwa hilo. Mimi ni mzazi wa mji huu na najua barabara zetu usiku zikoje. Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na sehemu kubwa ya watu hao tunaishi pembezoni huku na kusaka riziki na elimu kule katikati. Mabasi ya mwendokasi yalianza 2016 upande wa Kimara, na tumeona njia ya Barabara ya Kilwa ikijengwa kuja kwetu. Hilo linasaidia. Lakini hata basi zuri namna gani halimruhusu mtu awe Kijitonyama saa sita usiku na Mbagala saa sita usiku.

Kwa hiyo yule binti anasoma peke yake. Anakutana na maswali ya diskasheni asubuhi, kwenye simu, kwa picha ya ubao aliyotumiwa na mwenzake, mistari ya mwisho imefutika nusu. Testi ya kwanza anapata wastani. Ya pili inashuka. Mwisho wa semista ana sapu mbili, mitihani ya kurudia. Wenzake wanasema, "Hesabu zinamsumbua." Yeye mwenyewe anaanza kuamini. Hesabu hazikumsumbua kidato cha sita.

Dawa ya hili ni kitanda. Najua ni jibu dogo kwa tatizo kubwa, lakini nalisimamia. Mwaka 2017 yalizinduliwa pale Mlimani mabweni ya Magufuli yenye nafasi za wanafunzi 3,840, na kuna Mabibo, na kuna hosteli nyingine. Bado hazitoshi, na ndiyo maana neno kubebana halijafa: mmoja ana chumba kwa jina lake, mwingine analala naye kitanda kimoja kwa kificho. Ninachoomba ni kwamba vitanda vilivyopo vigawiwe kwa kuangalia nani akikosa atapoteza zaidi. Binti wa mwaka wa kwanza na wa pili katika kozi zenye kazi za maabara na diskasheni za usiku awe mbele ya foleni. Mwaka wa kwanza na wa pili ndiyo wanapodondoka. Akishafika mwaka wa tatu ana kundi lake, anajulikana, anajua mhadhiri gani anataka nini.

Fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, lile bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humohumo. Kwa anayepata kitanda chuoni inasogea. Kwa anayepanga geto Sinza au Mwenge, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kabla hata bumu halijaingia. Nitarudi kwa wenye nyumba, wasiondoke.

Nairobi kuna watu walilielewa jambo hili mapema. Mwaka 2010 wanawake wachache wa fani ya kompyuta walianzisha AkiraChix, na mafunzo yao ya mwaka mzima, codeHive, huwachukua wasichana kutoka familia zisizo na uwezo. Wangeweza kutoa masomo tu. Badala yake wanatoa malazi, chakula, na hata malezi ya mtoto kwa msichana ambaye ni mama. Unguja nako, kile chuo cha Barefoot pale Kinyasini kinawachukua kina mama wa vijijini, wengine hawajui kusoma, na kuwafundisha kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Wanakaa hapohapo miezi yote ya mafunzo. Mama wa kijijini mwenye watoto anamudu kufahamu saketi ya taa ya sola, kwa sababu kwa miezi hiyo kachomolewa kwenye ndoo na kuni na mafunzo ndiyo kazi yake. Ukimwacha nyumbani ukamfundisha jioni, utasema hana kichwa.

Nije kwenye jambo la pili, nalo liko karakana.

Nenda karakana yoyote ya mafunzo, iwe ya chuo kikuu, ya DIT pale mjini au hata VETA Chang'ombe hapa Temeke. Mashine ya kukerezea vyuma ni moja, kundi ni watu watano au sita, muda ni saa mbili. Kijana mmoja wa kiume tayari kashika gurudumu la kusogezea kisu. Alishawahi kushinda gereji ya mjomba wake Tandika, hana woga. Wa pili anapima kwa kalipa. Wa tatu anasubiri zamu. Binti yuko upande, ana daftari. Kapewa daftari kwa sababu ana mwandiko mzuri. Anaandika vipimo anavyotajiwa, na usiku ataandika ripoti ya kundi, na ripoti itapata alama nzuri, na wote watamshukuru. Wiki inayofuata hali ni hiyohiyo. Mwisho wa mwaka kaandika ripoti zote na hajakereza chuma hata kimoja.

Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Wenzake hawakumfukuza kwenye mashine. Yeye hakukataa. Lakini akienda fildi kiwandani mwezi wa saba, msimamizi akimwambia haya, washa, anasita. Na msimamizi anaandika kichwani mwake kwamba wasichana hawawezi. Mwalimu wa karakana angeweza kulimaliza hili kwa agizo moja tu: kila mwanakundi ashike mashine, na daftari lizunguke. Walimu wa namna hiyo wapo, na wasichana waliofundishwa nao utawajua tu, wanaingia karakana wakikunja mikono ya koti.

Upande wa kompyuta hali inafanana na hiyo. Vijana wengi wa kiume wanaingia chuo wakiwa wameshafungua kompyuta mbovu za watu, wamecheza magemu, wamekaa kwenye vibanda vya simu Kariakoo wakiangalia fundi anavyoingiza programu. Wasichana wengi muda huohuo walikuwa wanaosha vyombo na kulea wadogo zao. Siku ya kwanza ya somo la kuandika programu, mhadhiri anasema, "Hili mnalijua," na nusu ya darasa inaitika. Msichana anatazama kushoto na kulia, anaamini kila mtu anajua isipokuwa yeye. Kumbe walichomzidi ni miaka michache ya kuchezea tu.

Chuo cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh, Marekani, kiliwahi kukaa chini na jambo hili. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 7 tu ya walioanza shahada ya kompyuta pale. Watafiti wawili, Jane Margolis na Allan Fisher, wakawasikiliza wanafunzi kwa miaka kadhaa na kukuta jambo hilihili la uzoefu wa awali kuchukuliwa kuwa kipaji. Chuo kikaacha kuhesabu uzoefu wa kuandika programu kama sifa ya kuingilia, kikaweka madarasa tofauti ya kuanzia kulingana na mtu alikotoka. Kufikia 2000, wanawake walikuwa asilimia 42. Hesabu ya somo haikulegezwa. Aliyeanza bila kujua alianzia mwanzo, na baada ya muda wote wakakutana.

Hapa kwetu kazi ya kumshikisha msichana kompyuta mapema imefanywa sana na watu wa kujitolea na mashirika madogo. Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls hapa Dar es Salaam mwaka 2013, wakafungua vilabu mashuleni, wasichana wa sekondari wakaanza kutengeneza tovuti na programu za simu. Msichana aliyepita kilabu kama hicho akimsikia mhadhiri anasema "hili mnalijua", na yeye anaitika. Natamani shule zote za sekondari za kata za Temeke na Kinondoni ziwe na kitu kama hicho, na kiwe cha shule yenyewe, kisingoje mfadhili.

Kuna jambo la tatu, na nitalisema bila kuzunguka: rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitambua kosa hili kwa jina. Novemba 2018 Dakta Vicensia Shule, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika hadharani kwamba tatizo hilo limekithiri chuoni, na nchi nzima ikalizungumza. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, nayo ikafanya utafiti wake katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma. Sitaki kumhukumu mhadhiri yeyote hapa redioni, na wahadhiri waadilifu ni wengi. Ninachotaka uone ni jinsi uchache unavyomweka binti wa uhandisi pabaya zaidi. Darasani wako wachache, kila mtu anawajua kwa majina. Somo la lazima lina mhadhiri mmoja, na usipolifaulu hupandi mwaka. Mradi wa mwaka wa nne una msimamizi mmoja. Binti akisumbuliwa hana dada aliyemtangulia wa kumwendea, na akilalamika, jina lake linajulikana kabla ya lunchi. Wengine huchagua kimya kimya kuhama kozi. Kwenye takwimu za chuo ataandikwa kwamba amehama kwa hiari.

Na akivuka yote hayo akahitimu, bado. Ili mhitimu asajiliwe kuwa mhandisi kamili anahitaji miaka ya mazoezi chini ya mhandisi mwingine. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango wa mafunzo hayo wa miaka mitatu, na baadaye Norway ikasaidia kugharimia wahitimu wanawake wapitie mpango huo. Ulikuwa msaada uliolenga mahali penyewe hasa, kwa sababu mkandarasi mwenye nafasi mbili humchukua kijana wa kiume kwanza, akidhani binti ataolewa, ataomba ruhusa, hataweza kulala saiti. Wakati huohuo saiti yake ina choo kimoja, cha mabati, hakina kitasa. Akitaka wahandisi wanawake aanze na kitasa.

Sasa wenye nyumba. Nyinyi wa Changanyikeni, wa Sinza, wa Mwenge, wa Makumbusho, wenye vyumba vya nje vinavyopangishwa wanafunzi. Nawaomba jambo moja. Binti wa mwaka wa kwanza akija na barua yake ya chuo, anasomea kompyuta au uhandisi, anataka chumba karibu ili usiku aweze kukaa kwenye diskasheni na kurudi kwa miguu, msimdai miezi sita. Mpokeeni kwa mwezi mmoja, au mngojee mpaka bumu lake liingie. Muunganisheni na binti mwingine wagawane kodi. Taa ya nje ya geti iwake mpaka saa saba. Na pale chuoni, ofisi ya mshauri wa wanafunzi iwe na orodha yenu, ijue nyumba ipi ina mlinzi na ipi haina.

Laini ziko wazi baada ya taarifa ya habari. Nataka niwasikie wenye nyumba kwanza, kisha mabinti mnaosoma, kisha wazazi wa Mbagala.